Wapenzi ndio mtaji wa mwanamuziki asiye na kampuni

SI JAMBO geni jijini Dar es Salaam kusikia redioni, asubuhi moja, kwamba mwanamuziki fulani mkongwe yu mgonjwa na familia yake inaomba msaada wa fedha za matibabu. Namba ya simu hutajwa mara mbili ili wasikilizaji waiandike, na kabla ya jua kuzama michango huwa imeanza kuingia: elfu moja hapa, elfu tano pale, laki moja kutoka kwa mfanyabiashara ambaye ujana wake wote aliupitisha akizicheza nyimbo za mgonjwa huyo. Mwanamuziki akifariki, michango huongezeka. Mazishi hufana, viongozi huhudhuria, na nyimbo zake hupigwa kutwa nzima.

Swali ambalo wengi wetu hatujiulizi ni kwamba watu hao wote walikuwa wapi miaka 20 iliyotangulia, wakati marehemu akihangaika kutafuta fedha za kurekodi albamu au kukomboa gitaa lake lililowekwa rehani? Ukweli ni kwamba walikuwepo na walimpenda vilevile. Ila hakuna aliyewaomba. Na hata kama mwanamuziki mwenyewe angetaka kuwaomba, hakuwa na namna ya kuwafikia, kwani hakuwajua majina, hakujua wanaishi wapi, wala hakuwa na namba zao za simu.

Katika miaka ya karibuni kumekuwa na maneno mengi kuhusu mwanamuziki wa kujitegemea, yaani yule asiye na mkataba na kampuni ya kurekodi. Wapo wanaodhani kwamba suluhisho la matatizo yake ni wimbo mmoja utakaovuma, na wapo wanaodhani ni kumpata mfadhili. Makala haya yanakusudia kueleza njia nyingine, ambayo imejaribiwa kwa zaidi ya miaka 25 katika nchi za nje, na ambayo chimbuko lake, kama tutakavyoona, si geni hata kidogo kwetu sisi watu wa Pwani.

Tuanze na mkasa wa bendi moja ya Uingereza iitwayo Marillion. Bendi hii ya muziki wa roki ilianzishwa mwaka 1979 katika mji wa Aylesbury, ikasaini mkataba na kampuni kubwa ya EMI mwaka 1982, na mwaka 1985 albamu yake ya Misplaced Childhood ikashika nafasi ya kwanza nchini humo. Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Mwimbaji wa awali alikuwa ameondoka mwaka 1988, mauzo yalikuwa yameshuka, na mwaka 1995 EMI ikaachana na bendi hiyo. Magazeti ya muziki nayo yakaacha kuiandika. Kwa kawaida hapo ndipo hadithi za namna hii huishia.

Mwaka 1997 wapenzi wa Marillion walioko Marekani walitaka kujua ni lini bendi ingekwenda kuwatumbuiza. Mpiga kinanda, Mark Kelly, aliwajibu kwa barua pepe bila kuficha kitu: safari ya Marekani ingeitia bendi hasara ya takribani dola 60,000, na hakukuwa na kampuni iliyokuwa tayari kuibeba hasara hiyo. Jambo lililofuata halikutarajiwa na mtu yeyote ndani ya bendi. Wapenzi wenyewe walifungua akaunti ya benki, wakachangishana, na kiasi hicho cha fedha kikapatikana. Ikumbukwe kwamba watu hao walichanga kwanza, kisha wakanunua tikiti za maonyesho kama watu wengine. Ziara ikafanyika mwaka huo huo.

Hapana shaka kisa hiki kingeweza kubaki kuwa hisani ya mara moja. Marillion ilikwenda mbali zaidi kwa sababu ilikaa chini na kujiuliza fundisho lake ni nini. Badala ya kuendelea kubisha hodi katika milango ya kampuni, bendi ilianza kutunza kwa uangalifu majina na anwani za wapenzi wake. Ilipofika wakati wa kutengeneza albamu iliyotoka mwaka 2001, Anoraknophobia, iliwaandikia wapenzi hao swali moja tu: je, mko tayari kulipia albamu ambayo bado hatujaitengeneza? Zaidi ya watu 12,000 walilipa. Fedha hizo zikagharimia utunzi na urekodi, majina ya waliolipa mapema yakachapwa katika kijitabu cha albamu, na bendi ikabaki na haki zote za kazi yake. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba EMI, kampuni ile ile iliyowatema, ilikubali kuisambaza albamu hiyo madukani, safari hii bila kumiliki chochote ndani yake.

Hayo ni ya mwaka 2001, wakati maneno kama uchangishaji wa mtandaoni yalikuwa hayajulikani. Bendi hiyo haikuishia hapo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikiwakusanya wapenzi wake kwa siku kadhaa mfululizo katika mahali pamoja, ikiwemo Port Zélande nchini Uholanzi, ambako watu hulala, hula na kusikiliza muziki pamoja, na wengi wamekuwa marafiki wa kudumu. Mwaka 2021, kampuni za bima zilipokataa kukinga ziara dhidi ya ugonjwa wa Korona, wapenzi waliweka fedha dhamana ili bendi isifilisike endapo mmoja wa wanamuziki angeugua, kwa makubaliano kwamba wangerejeshewa fedha zao ziara ikienda salama. Mwaka 2022 albamu yao ya An Hour Before It's Dark ilishika nafasi ya pili nchini Uingereza, miaka 27 baada ya kuachwa na kampuni yao.

Msomaji atauliza, hawa wana nini ambacho wengine hawana? Jibu si umaarufu, kwani wapo wanamuziki wengi maarufu kuliko wao waliopotea kabisa. Jibu ni daftari. Mwanamuziki anayeimba redioni ana wasikilizaji laki kadhaa, lakini hamjui hata mmoja. Kituo cha redio kikiacha kumpiga, uhusiano umekwisha. Mwenye daftari hahitaji ruhusa ya mtangazaji, promota au msambazaji ili azungumze na watu wake. Anawaandikia yeye mwenyewe, nao wanamjibu.

Mwaka 2008 mwandishi wa Kimarekani Kevin Kelly alilitolea hoja hii hesabu ambayo imenukuliwa sana tangu hapo. Alisema msanii hahitaji mamilioni ya watu. Anahitaji wapenzi wa kweli 1,000, ambao kila mmoja atatumia dola 100 kwa mwaka kununua kazi zake, na hapo atakuwa amepata dola 100,000 kabla ya kutoa gharama. Tukiileta hesabu hiyo nyumbani, tuseme mpenzi wa muziki wa Dar es Salaam anaweza kutoa shilingi 20,000 kwa mwaka. Watu 1,000 watatoa shilingi milioni 20. Kwa mwimbaji anayetembea na gitaa lake peke yake, hicho ni kipato cha kuanzia. Kwa bendi ya dansi yenye watu kumi, kila mmoja atapata shilingi milioni mbili kwa mwaka, ambayo ni pungufu ya shilingi 170,000 kwa mwezi, na hapo bado mafuta ya jenereta, usafiri na kodi ya ukumbi. Kwa hiyo wanaoihubiri hesabu ya Kelly kana kwamba ni dawa ya kila maradhi wanapaswa kuwa waangalifu. Bendi kubwa itahitaji watu wengi zaidi, au itahitaji michango hiyo iwe nyongeza ya viingilio vya mlangoni, si badala yake.

Sasa turudi kwetu. Tukitazama historia ya muziki katika Afrika Mashariki, tutagundua kwamba wanamuziki wetu wengi wamekuwa wa kujitegemea bila ya wao kupenda. Kwa miongo kadhaa bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa malipo madogo, na santuri zao nyingi zilichapwa Kenya. Baadaye walikuja wasambazaji wa kaseti wa Kariakoo, ambao walinunua albamu kwa fedha za mkupuo, na idadi ya nakala zilizouzwa waliijua wao wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilianzisha chombo cha COSOTA, lakini msanii aliyeishi kwa mrabaha pekee ni nadra kama maua ya mianzi. Mkate wa kila siku ulitoka kwa watu waliokuja kusikiliza.

Nao watu hao, hususan katika taarab, hawakuwa watazamaji wa kukaa kimya. Vikundi vya Zanzibar vilianza kama klabu za wanachama: Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na ilikuwa kwanza mkusanyiko wa marafiki waliojifunza ala pamoja, kabla ya kuwa kundi la kuburudisha umma. Ndani ya taarab kuna desturi ya kutunza, ambayo kila aliyewahi kuhudhuria onyesho anaijua. Mwimbaji anapofika katika ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka, hujipitisha taratibu mbele ya jukwaa huku akicheza, noti ikiwa juu mkononi ili kila mtu aione, kisha humkabidhi mwimbaji.

Mgeni akiona hayo hudhani ni sadaka. La hasha. Anayetunza amenunua kitu. Amenunua nafasi ya kusema mbele ya kadamnasi kwamba maneno hayo ni yake, na huenda amemlenga jirani, wifi au mke mwenza aliyekaa viti vitatu nyuma yake. Wimbo umekuwa kinywa chake. Ndiyo maana mtu huyo huyo atatunza leo, atatunza wiki ijayo, na wimbo mpya ukitungwa atakuwa wa kwanza kufika. Wataalamu wa biashara wa Ulaya wanaofundisha kwamba mpenzi wa muziki anapaswa kuwa mshiriki wangejifunza mengi katika usiku mmoja wa rusha roho.

Muziki wa dansi nao ulikuwa na utaratibu wake. Bendi haikutambulika kwa jina lake tu bali kwa mtindo, na mtindo huo ulikuwa kama bendera. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa na Sikinde. Vijana Jazz walikuwa na Pamba Moto. Mtu alijiita mtu wa Sikinde au mtu wa Msondo kama vile anavyojiita mtu wa Simba au Yanga, na ubishi wa vijiweni ulikuwa ule ule. Hata katika mitaa ambayo bendi kubwa hazikufika, mchiriku ulijengwa kwa nguvu ya majirani: familia yenye sherehe huliita kundi, hulilipa, na mtaa mzima hukesha kwa kinanda kidogo cha Casio na ngoma. Jagwa Music ya Dar es Salaam ilikulia katika mazingira hayo kwa miaka 20 hivi kabla kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji haijatoa albamu yao mwaka 2012.

Kama mambo yako hivyo, kwa nini basi wanamuziki wetu wanaugua bila akiba? Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa karibu na jukwaa katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam usiku ambao noti zilimiminika kiasi kwamba mwimbaji aliishiwa mahali pa kuzishika. Baada ya onyesho nikauliza kama kuna mtu anayewafahamu wale akina mama watatu waliotunza zaidi. Kila mtu aliwafahamu kwa sura. Mmoja alisemekana ana duka la vitenge, mwingine ni wa Magomeni. Hakuna aliyekuwa na namba zao. Kundi lingesafiri, lingerekodi, lingebadili ukumbi, na akina mama wale wangesikia habari hizo kwa bahati tu.

Mfano wa Simba na Yanga unastahili kutazamwa tena hapa. Klabu hizi mbili, zilizoanzishwa miaka ya 1930, zina matawi mitaani, zina kadi za uanachama na ada, na mwanachama ana haki ya kunyanyua mkono katika mkutano na kuwakera viongozi. Tunaweza kuzicheka kwa migogoro yao, lakini zimeishi muda mrefu kuliko bendi nyingi zilizoanza nazo. Mpenzi wa bendi hana kadi. Hana mkutano. Hana mahali pa kusema kwamba wimbo mpya haufai. Anachoweza kufanya ni kulipa kiingilio au kutokulipa.

Zipo dalili kwamba kizazi cha sasa kimeanza kulielewa jambo hili. Jijini Nairobi, mwaka 2008, mwanamuziki Muthoni Ndonga, anayefahamika kama Muthoni Drummer Queen, aliona kwamba wanamuziki wa aina yake hawana mahali pa kupigia nyimbo zao wenyewe. Badala ya kulalamika akaanzisha Blankets & Wine, ambapo watu walikuja na blanketi na vyakula vyao, wakakaa kwenye nyasi mchana pamoja na familia na marafiki, wakasikiliza muziki uliopigwa moja kwa moja. Jambo hilo lilirudiwa mwezi baada ya mwezi, na kurudiwa huko ndiko kulikojenga wateja. Onyesho likavuka mpaka hadi Kampala. Aliyeanza kwa kutafuta jukwaa lake akawa amewapatia jukwaa wengine wengi.

Hata hivyo, njia hii ina mashimo yake, na si haki kumtia mtu safarini bila kumwonyesha. Shimo kubwa ni kujenga katika kiwanja cha mtu mwingine. Wanamuziki wengi leo huhesabu wafuasi walio nao katika mitandao ya kijamii wakidhani hiyo ndiyo jamii yao. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa kimbilio la wanamuziki wa kujitegemea duniani, ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016 zimepotea. Mwaka huo huo, kampuni ya PledgeMusic ya Uingereza, iliyokuwa ikikusanya fedha za wapenzi kwa niaba ya wanamuziki, ilifilisiwa kwa amri ya mahakama huku ikidaiwa na wanamuziki hao. Wapenzi walikuwa wametoa, albamu zilikuwa zimeahidiwa, na fedha hazikuwepo. Mwanamuziki mwenye daftari lake aliweza angalau kuwaandikia watu wake na kuwaeleza kilichotokea.

Shimo jingine ni kusahau kwamba anayechanga ana macho. Mwaka 2012 mwimbaji wa Kimarekani Amanda Palmer alichangiwa karibu dola milioni 1.2 na watu wapatao 25,000 kupitia mtandao wa Kickstarter. Alipoanza ziara akawaalika wapiga ala wa kila mji kuja kumsaidia jukwaani bila malipo. Kelele zilizopigwa zilimfanya abadili uamuzi na kuwalipa. Mtu akichangiwa na umma, hesabu yake inakuwa ya umma, jambo ambalo wanakamati wa harusi wa Dar es Salaam wanalijua vizuri sana.

Pia ipo kazi yenyewe, ambayo haisemwi. Kujibu barua, kuandika majina, kutuma shukrani, kuwaeleza watu kwa nini albamu imechelewa: hayo yote huchukua muda ambao mwanamuziki angeutumia kufanya mazoezi. Wengine hawana moyo huo, na si dhambi. Bendi yenye busara itampa kazi hiyo mtu mmoja anayeipenda, naye alipwe kama anavyolipwa mpiga besi.

Nyenzo kwa upande wetu zipo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mtu wa Mbagala anaweza kumtumia mwanamuziki shilingi 2,000 bila kupanda basi, jambo ambalo wapenzi wa Marillion mwaka 1997 hawakuwa nalo. Daftari la mlangoni, ambapo anayetaka huandika jina na namba, haligharimu zaidi ya kalamu. Inapaswa tu kukumbukwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mhusika aelezwe namba yake itatumika kwa kazi gani. Kuchukua namba za watu kwa ajili ya muziki kisha kuzigawa kwa wauza mikopo ni kosa, na ni njia ya haraka ya kuwapoteza watu hao.

Kuhusu nguvu ya wapenzi wenyewe, ushahidi tunao karibu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Kilipokuwa OTTU, ikaitwa OTTU Jazz. Hatimaye jina la mwenye mali likaondoka kabisa, na bendi ikachukua jina ambalo wachezaji wa muziki wake walikuwa wakiliita siku zote bila kujali limeandikwa nini ubaoni: Msondo.